Mtoto wa Wakenya aliyezaliwa Marekani anaweza kuwa rais huko?

SWALI: Mimi na mume wangu ni raia wa Kenya. Tunaishi Minnesota kwa ukazi wa kudumu (kadi ya kijani), na kijana wetu alizaliwa hapa mwaka 2016. Alitangaza mbele ya watu kwamba akikua atakuwa rais wa Marekani, na jamaa mmoja tunayesali naye akamwambia hawezi, eti raia wa kuzaliwa ni yule ambaye baba na mama wote walikuwa raia siku alipozaliwa, na kwamba mtoto wetu ana utii wa nchi mbili. Kijana alinyamaza siku nzima. Je, ni kweli? Na uraia wa Kenya alioupata kwetu utamponza? Tunafikiria pia kumpeleka asome Kenya kwa nyanya yake kwa miaka michache.

JIBU: Dada, mwambie kijana kwamba jamaa huyo amekosea. Yeye ni raia wa kuzaliwa wa Marekani, na hakuna kifungu cha Katiba ya nchi hiyo kitakachomzuia kugombea urais kwa sababu ya pasipoti zenu. Ningeweza kuishia hapo, lakini hoja aliyopewa haikuzuka kanisani kwenu. Imezunguka miaka mingi, inataja kesi za kweli, na asiyezisoma kesi hizo mpaka mwisho huiamini. Heri uwe na majibu kamili, maana kijana wako ataisikia tena.

Tuanze na maandishi yenyewe. Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inampa rais masharti matatu: awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe mkazi wa nchi kwa miaka 14. Marekebisho ya 12 yakaongeza kwamba asiyestahili kuwa rais hastahili kuwa makamu wa rais. Baba na mama hawatajwi popote. Ila Katiba haikueleza raia wa kuzaliwa ni nani hasa, na ugomvi wote umepenya kwenye mwanya huo.

Sharti hilo lilitoka wapi? Mwaka 1787, mkutano wa kuandika Katiba ulipokuwa ukiendelea Philadelphia chini ya George Washington, John Jay, aliyesimamia mambo ya nje ya nchi hiyo wakati ule, alimwandikia Washington barua kutoka New York, tarehe 25 Julai. Alishauri wageni wawekewe kizuizi wasiingie katika uendeshaji wa serikali ya taifa, na kwamba uamiri jeshi mkuu asipewe wala asimwangukie mtu yeyote asiyekuwa raia wa kuzaliwa. Neno la kuzaliwa alilipigia mstari. Mwezi Septemba sharti likatokea kwenye rasimu ya kamati, likapita, na kumbukumbu za mkutano hazionyeshi mjadala wowote juu yake.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1764 Poland ilikuwa imemchagua mfalme, Stanisław Poniatowski, kwa shinikizo la Malkia Catherine wa Urusi. Miaka minane baadaye Urusi, Prussia na Austria zikaimega nchi hiyo na kugawana vipande. Waliokuwa Philadelphia waliijua habari hiyo vizuri. Waliyemwogopa ni mtu mzima mwenye fedha, cheo na jeshi nyuma yake, anayevuka bahari aje kununua madaraka. Mtoto mchanga wa mhamiaji aliyezaliwa mtaani kwao hakuwa tishio kwao hata kidogo. Wala hawakuwachukia waliozaliwa ng'ambo, kwani waliweka msamaha kwa kila aliyekuwa raia wakati Katiba inapitishwa. Alexander Hamilton, aliyezaliwa kisiwa cha Nevis katika Karibi, angeweza kugombea chini ya msamaha huo.

Wengi wao walikuwa wanasheria waliolelewa katika sheria ya Uingereza, na sheria hiyo ilikuwa na msimamo tangu kesi ya Calvin ya mwaka 1608: anayezaliwa katika ardhi ya mfalme ni mtu wa mfalme, wazazi wake wawe wageni au wenyeji. Waliotolewa katika kanuni hiyo ni watoto wa mabalozi na watoto wa majeshi ya adui yaliyoikalia nchi. Wamarekani walipojitenga na mfalme, kanuni hiyo ya mahali pa kuzaliwa hawakuitupa.

Waliyemtupa nje ni Mweusi. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilisema watu wa asili ya Afrika, hata waliozaliwa huko kwa vizazi kadhaa, hawakuwa raia wala hawangeweza kuwa raia kwa mujibu wa Katiba. Ilibidi ipiganwe vita ya wenyewe kwa wenyewe, kisha mwaka 1868 yakapitishwa Marekebisho ya 14: kila aliyezaliwa au kuandikishwa uraia Marekani, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia. Ninalisisitiza hili kwa makusudi. Sentensi inayomlinda mtoto wako leo iliandikwa ili pasiwe tena na serikali ya kumwambia mtu aliyezaliwa katika nchi hiyo kwamba damu ya wazazi wake inamnyima uraia. Mtu Mweusi anapoigeuza dhidi ya mtoto Mweusi, inauma.

Sasa nikupe kesi ambayo ningependa uijue kwa undani, kwa sababu inafanana na yenu kuliko nyingine zote. Wong Kim Ark alikuwa mpishi. Mahakama ilikubali kwamba alizaliwa San Francisco mwaka 1873, na kwamba wazazi wake walikuwa raia wa China wenye makazi na biashara yao huko. Uraia wa Marekani hawakuupata, na sheria za wakati ule zisingewaruhusu hata kuuomba, kwani uandikishaji ulikuwa wa Wazungu na watu wa asili ya Afrika tu. Mwaka 1894 alisafiri kwenda China. Alipofika bandarini San Francisco Agosti 1895, ofisa wa forodha akakataa kumruhusu ashuke, kwa hoja kwamba mtoto wa Wachina ni Mchina na sheria ya kuwazuia Wachina inamhusu. Akakaa miezi kadhaa akizuiliwa katika meli, akihamishwa kutoka moja hadi nyingine, huku mji aliozaliwa akiuona kwa macho yake.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitoka tarehe 28 Machi 1898. Majaji sita dhidi ya wawili walisema ni raia tangu siku aliyozaliwa. Jaji Horace Gray alipitia historia yote niliyokueleza, kuanzia Calvin, akaonyesha kwamba Marekebisho ya 14 yalithibitisha kanuni ya kale: ardhi ndiyo inayompa mtoto uraia, na wageni wanaoishi nchini wako chini ya mamlaka yake maadamu wanaitii sheria yake na kulindwa nayo.

Kesi hiyo haikuhusu urais, na jamaa yako akiijua atakurushia jambo hilo. Hapo mwambie asome maoni ya Jaji Mkuu Melville Fuller, aliyeshindwa. Fuller, akiungwa mkono na Jaji Harlan, alilalamika kwamba ukifuata hoja ya wenzake, watoto wa wageni waliozaliwa tu wakati wazazi wanapita nchini watakuwa na haki ya kuwa rais, huku watoto wa Wamarekani waliozaliwa ng'ambo hawana. Yaani jaji aliyeipinga hukumu kwa nguvu zake zote aliona wazi inakoelekea. Alijua kwamba kumtamka Wong Kim Ark raia tangu kuzaliwa kulimfungulia mtu kama yeye mlango wa Ikulu, na wenzake hawakurudi nyuma.

Basi hii habari ya wazazi wawili imetoka wapi? Kwa kawaida hutajwa kesi ya Minor dhidi ya Happersett ya mwaka 1875. Virginia Minor, mwanamke wa Missouri, alikataliwa kuandikishwa kupiga kura akashtaki. Mahakama ilimwambia wewe ni raia, ila uraia peke yake hauleti haki ya kura. Katika kueleza kwa nini ni raia, ikasema kwamba aliyezaliwa nchini kwa wazazi raia ni raia wa kuzaliwa bila shaka yoyote. Ikaongeza kwamba wapo wanaowahesabu pia waliozaliwa nchini bila kujali uraia wa wazazi, kwamba juu ya hao pana mashaka, na kwamba kwa kesi iliyo mbele yake haikuwa lazima kuyatatua mashaka hayo. Wenye hoja ya wazazi wawili hunukuu nusu ya kwanza na kuificha ya pili. Mahakama iliacha swali wazi kwa maneno yake yenyewe, na miaka 23 baadaye, kwa Wong Kim Ark, ikayajibu mashaka hayo ya uraia. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya jimbo la Indiana ililetewa hoja hiyohiyo dhidi ya Barack Obama, ikaisoma Wong Kim Ark na kusema waziwazi: waliozaliwa ndani ya mipaka ya Marekani ni raia wa kuzaliwa kwa maana ya Ibara ya Pili, uraia wa wazazi wao uwe wowote. Mahakama ya Juu ya taifa haijawahi kukaa na kuamua kesi ya sifa za mgombea urais kwa msingi huu. Lakini ukitafuta hukumu ya mahakama inayomwondolea sifa mtu aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani kwa sababu baba yake alikuwa mgeni, huipati.

Na kwa kuwa nimemtaja Obama, tumalizane naye, kwani hoja ya utii wa nchi mbili ilipata umaarufu kupitia kwake, na inatuhusu sisi Wakenya moja kwa moja. Alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Baba yake alikuwa mtu wa koloni la Kenya, kwa hiyo kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1948 alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake, na sheria hiyo ilimrithisha mtoto hali hiyohiyo. Tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, katiba yetu ya wakati ule ikamfanya mtoto huyo wa miaka miwili kule Hawaii kuwa raia wa Kenya kwa kumfuata baba yake. Kenya haikuruhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na kwa kuwa hakuukana uraia wa Marekani alipokomaa, ule wa Kenya ulikoma wenyewe. Haya hayakuwa siri. Kampeni yake yenyewe iliyakubali mwaka 2008. Wamarekani wakamchagua mara mbili, Kongresi ikaidhinisha matokeo mara mbili, akaapishwa.

Kabla yake alikuwapo Chester Arthur. Alizaliwa Vermont mwaka 1829, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Ireland ambaye hakupata uraia wa Marekani hadi mwaka 1843. Kwa hiyo Arthur alizaliwa mtoto wa mtu wa mfalme wa Uingereza, na akawa rais mwaka 1881. Mahasimu wake walimsingizia kwamba alizaliwa Kanada, kwa sababu walijua kwamba mahali pa kuzaliwa ndipo palipokuwa na uzito.

Tuangalie sasa hoja ya utii yenyewe, maana kwangu hili ndilo kosa la msingi. Jamaa yako amechanganya mambo mawili. Uraia wa kuzaliwa ni tukio: linatokea siku moja, mahali fulani, na haliongezeki wala halipungui. Utii ni mwenendo wa mtu mwenye akili timamu katika maisha yake. Mtoto mchanga hana utii wa kugawanya. Akisema kwamba utii wa Kenya umemwingia mtoto kupitia damu yenu na umebaki humo ukimchafua, atueleze basi Benedict Arnold alikuwa na tatizo gani. Jenerali huyo alizaliwa Connecticut, katika familia iliyokuwa Amerika kwa vizazi, na mwaka 1780 alipanga kuwauzia Waingereza ngome ya West Point. Jina lake hadi leo ni tusi la usaliti huko. Kuzaliwa hakukumfanya mwaminifu. Na katika vita hiyohiyo Lafayette, Mfaransa, alimwaga damu kwa ajili ya uhuru wa Wamarekani.

Waandishi wa Katiba walijua tofauti hiyo, ndiyo maana ulinzi dhidi ya kiongozi anayetumikia nchi ya nje waliuweka kwingine. Mwenye madaraka haruhusiwi kupokea zawadi, malipo au cheo kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Kongresi. Rais anakula kiapo kilichoandikwa neno kwa neno. Akipokea rushwa au akifanya uhaini, anashtakiwa bungeni na kuondolewa. Na kabla ya yote hayo yuko mpiga kura, ambaye ana haki kamili ya kumtazama mgombea na kusema huyu moyo wake hauko hapa. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na mtoto wako akigombea itambidi aukabili kama mgombea mwingine yeyote.

Kuna sababu nyingine ya kuikataa hoja ya utii wa kurithi, nayo ni ya kiutendaji. Uraia wa nchi nyingine hutolewa na sheria ya nchi hiyo, bila kuwauliza Wamarekani. Kwa miongo mingi sheria ya Italia ilirithisha uraia kizazi hadi kizazi bila kikomo, na hivyo Wamarekani wengi ambao babu wa babu yao alitoka Sicilia walikuwa raia wa Italia bila kujua. Tukisema kila aliye na uraia wa pili hafai, tutakuwa tumeyakabidhi mabunge ya nje mamlaka ya kuamua nani awe rais wa Marekani.

Tena hatuhitaji kukisia matokeo yake, kwa sababu Australia imeyaonja. Kifungu cha 44 cha Katiba yao kinamnyima kiti cha ubunge aliye raia wa dola ya kigeni. Mwaka 2017 wabunge walianza kugundua mmoja baada ya mwingine kwamba wana uraia wasioujua. Seneta Larissa Waters alikuwa amezaliwa Kanada kwa wazazi wa Australia na kuondoka akiwa mchanga, akajiuzulu. Barnaby Joyce, Naibu Waziri Mkuu, alizaliwa Tamworth huko New South Wales na kukulia huko. Ila baba yake alizaliwa New Zealand, na sheria ya New Zealand ilimhesabu mtoto kuwa wake. Mahakama Kuu ya Australia ikamvua ubunge tarehe 27 Oktoba 2017. Joyce aliukana uraia huo, akarudi kwa wapiga kura wake katika uchaguzi mdogo, wakamrudisha. Jiulize ni usaliti gani ulizuiwa hapo. Mimi sioni hata mmoja.

Kuhusu waliozaliwa nje ya Marekani kwa mzazi Mmarekani nitapita haraka, kwani si suala lenu. John McCain alizaliwa mwaka 1936 katika eneo la Mfereji wa Panama, na Seneti ikapitisha azimio mwaka 2008 kwamba anastahili. Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, mama akiwa Mmarekani na baba Mkuba, akaukana uraia wa Kanada mwaka 2014, na mahakama ya Pennsylvania ikasema mwaka 2016 kwamba anastahili. Kukana huko hakukutakiwa na Katiba. Aliona kutamsaidia mbele ya wapiga kura. Kama pana eneo ambalo wanasheria makini wanabishana kwa haki, ni hili la waliozaliwa nje. Kijana wako hayumo.

Utakuwa umesikia pia juu ya amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 iliyolenga kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani kwa wazazi wasio na kibali au wenye viza za muda. Ilipingwa mahakamani mara moja. Ninyi haiwagusi kwa sababu mbili: maandishi yake yenyewe yalihusu watoto watakaozaliwa baada ya siku 30 tangu kutiwa saini, na iliwaacha nje watoto ambao mama au baba ana ukazi wa kudumu. Kijana wenu alizaliwa 2016.

Anayezuiwa na sharti hili ni wewe na mume wako. Mkiandikishwa uraia kesho, mnaweza kuwa mawaziri, magavana na majaji. Baada ya miaka saba ya uraia mnaweza kuwa wabunge katika Baraza la Wawakilishi, na baada ya tisa, maseneta. Mfano mnao hapohapo Minnesota: Ilhan Omar, aliyezaliwa Mogadishu na kuishi miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, alichaguliwa kuingia Kongresi mwaka 2018. Ikulu peke yake ndiyo imefungwa kwenu, kama ilivyofungwa kwa Henry Kissinger na Madeleine Albright, waliokuwa mawaziri wa mambo ya nje lakini wasingeweza kurithi kiti cha rais. Nadhani sharti hilo limepitwa na wakati hata kwa walioandikishwa. Mtu aliyefika akiwa na miaka miwili na kuitumikia nchi miaka hamsini anastahili kupimwa na wapiga kura. Lakini hayo ni maoni yangu, na kuyabadilisha kunahitaji marekebisho ya Katiba, ambayo ni safari ngumu sana.

Sasa upande wetu, maana swali la uraia wa Kenya lina jibu ambalo wazazi wengi walio ughaibuni hawalijui. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, azaliwe Kenya au nje. Kwa hiyo kijana wako ni raia wa kuzaliwa mara mbili: Marekani kwa ardhi, Kenya kwa damu. Na kwa Ibara ya 137, sifa ya kwanza ya mgombea urais wa Kenya ni kuwa raia kwa kuzaliwa. Anayo.

Hapa ndipo Kenya inapotofautiana na Marekani. Marekani inauliza juu ya siku ya kuzaliwa, basi. Kenya inauliza juu ya siku hiyo, kisha inarudi kuuliza mara ya pili siku unapoomba madaraka. Ibara hiyohiyo ya 137 inamkataa mgombea anayewiwa utii na nchi ya kigeni. Ibara ya 78 inasema ofisa wa serikali au mwanajeshi hatakuwa na uraia wa nchi mbili, na ofisa wa serikali kwa maana ya Katiba ni pamoja na wabunge, magavana na mawaziri. Majaji na wanachama wa tume wameachwa nje ya katazo hilo, na pia yule ambaye uraia wa pili amepewa na sheria ya nchi nyingine bila njia ya kujitoa. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012, kifungu cha 31, ilipotungwa ilitaka aliyechaguliwa au kuteuliwa aukane uraia ule mwingine kabla hajashika ofisi. Marekani ina njia ya kujitoa, kwa hiyo kijana asitegemee kujificha nyuma ya msamaha huo wa mwisho. Akitaka kuwa mbunge wa Kenya siku moja, huenda ikambidi aende mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani akaukane uraia wake rasmi, na hatua hiyo ni nzito kwa sababu kwa kawaida hairudi nyuma. Hapo ndoto ya Ikulu ya Washington itakuwa imekwisha pia, maana anayeukana si raia tena.

Jamaa wengine huwashauri wazazi waukane uraia wa Kenya mapema kwa niaba ya mtoto ili "njia iwe safi". Msifanye hivyo. Sheria ya Marekani haihitaji, na kukana uraia ni uamuzi wa mtu mzima juu ya nafsi yake. Kuwa na pasipoti ya Kenya, kuitumia, hata kupiga kura Kenya akifika umri, hakumwondolei uraia wa Marekani: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Afroyim mwaka 1967 kwamba serikali haiwezi kumvua raia uraia wake kwa sababu alipiga kura nchi nyingine, maadamu mwenyewe hakukusudia kuuacha.

Na kuhusu shule kwa nyanya yake, mpeleke kama mnaona inafaa. Miaka 14 ya ukazi inayotakiwa haikuandikwa kwamba iwe mfululizo. Herbert Hoover aliishi na kufanya kazi ng'ambo kwa miaka mingi, kuanzia Australia na China hadi London, akachaguliwa rais mwaka 1928 huku miaka 14 mfululizo ya mwisho hana. Obama mwenyewe alisoma Jakarta akiwa mtoto. Akirudi Minnesota akiwa na miaka 14 au 15 na kubaki, atakapofika 35 atakuwa na miaka ya kutosha na ziada.

Mambo matatu ya karatasi kabla hajasafiri. Chukueni nakala rasmi za cheti chake cha kuzaliwa, zenye muhuri wa ofisi ya usajili ya jimbo, zaidi ya moja, na moja isitoke nyumbani. Atoke na kuingia Marekani kwa pasipoti ya Marekani, kwani sheria yao inamtaka raia afanye hivyo. Na mkimwombea pasipoti ya Kenya, andikeni wazi kwenye fomu kwamba ana uraia wa Marekani, kwa sababu sheria yetu ya uraia ya mwaka 2011 inataka uraia wa pili utangazwe, na jina lake liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha Minnesota, na mwangalie hasa jina la baba tunaloongeza sisi Wakenya na ambalo Wamarekani huliacha.